Kilobaiti 42

Mtu aliyesimama stendi ya Mbinga na simu ya bei ndogo akifungua ramani kwenye kivinjari, ataiona ikijiunga kipande kwa kipande: mji kwanza, kisha barabara ya Songea, kisha vilima. Akivuta kidole kwenda chini, mji unashuka na upande wa kaskazini unaingia, kata ya Ruanda, kijiji cha Ntunduwaro, mto Ngaka na machimbo ya makaa ya mawe yaliyochukua jina la mto huo. Akivuta kwenda kulia, Umatengo wote unapita na buluu ya Ziwa Nyasa inatokea, ikiwa na Lituhi, Liuli na Mbamba Bay kandokando yake. Akiachia kidole, ramani haikwami ghafla. Inateleza kidogo, inapunguza mwendo, inatulia. Hakuna anayeusifu mtelezo huo, na sidhani aliyeuandika alitaka usifiwe. Nataka kuusifu mimi.

Kwenye tovuti nyingi mtelezo huo ni kazi ya Leaflet, maktaba ya JavaScript iliyotolewa kwa umma Mei 2011 na Volodymyr Agafonkin, mwandishi wa programu kutoka Kyiv, Ukraine, ambaye pia anaongoza bendi ya muziki wa rock iitwayo Obiymy Doshchu. Maktaba hapa ni fungu la msimbo uliokwisha kuandikwa, ambao mtengeneza tovuti anauchukua ili asianze upya kukifundisha kivinjari namna ya kusogeza ramani. Ni ya chanzo huria, kwa leseni ya BSD: chukua, badilisha, uza ukitaka, mradi tu usiliondoe tamko la hakimiliki la wenye kazi. Mwaka huohuo wa 2011 ndio kampuni ya Tancoal ilipoanza kuchimba makaa ya Ngaka. Mambo hayo mawili hayahusiani hata kidogo, lakini wakazi wa huku wanaoyakumbuka malori ya kwanza ya makaa wana njia rahisi ya kupima umri wa maktaba hii.

Wakati huo Google Maps, iliyotoka 2005, ilikwisha kuwazoeza watu kuivuta ramani kwa kipanya. OpenLayers, iliyofuata mwaka mmodi baadaye, ilikuwa huria na yenye uwezo mkubwa, lakini nzito. Iliandikwa kwa kompyuta ya mezani na kwa wataalamu wa jiografia. Simu za kugusa kioo ndiyo kwanza zilikuwa zinaenea. Agafonkin, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya CloudMade, aliandika upya kutoka sifuri akiwa na simu hizo akilini tangu mstari wa kwanza. Ndiyo maana hadi leo Leaflet inakaa vizuri kiganjani.

Vile vipande vinavyojiunga huitwa vigae, na kanuni yake ni nyepesi kuieleza. Dunia nzima inabanwa kwenye picha moja ya mraba yenye pikseli 256 kwa 256. Ukikuza hatua moja, mraba huo unakuwa minne; hatua nyingine, kumi na sita. Kwenye hatua ya 13, ambapo kigae kimoja kinafunika karibu kilomita 4.8 za ardhi ya Mbinga, dunia ina vigae 67,108,864. Kwenye hatua ya 18 vinapita bilioni 68. Hakuna simu inayobeba mzigo huo. Kazi ya maktaba ni kujua, kila kidole kinaposogea, ni vigae vipi kumi hivi vinavyotakiwa kwenye kioo, kuviagiza kuanzia vya katikati ambako macho yanatazama, kuvipanga bila ufa, na kuvitupa vilivyokwisha kupita. Ukikuza, vigae vya zamani vinatanuliwa vishike nafasi, vikiwa na ukungu, mpaka vipya vifike. Palipo na mtandao wa kusuasua, ukungu huo ndio unaomwezesha mtu kuendelea kujua yuko wapi badala ya kukodolea kioo cha kijivu.

(Mraba huo wa dunia unatokana na makadirio ya Mercator ya mwaka 1569, ambayo huzitanua nchi kadiri zinavyokuwa mbali na ikweta. Mbinga, karibu nyuzi 11 kusini, inatanuliwa chini ya asilimia 2. Kyiv inatanuliwa asilimia 57. Kwa hiyo ramani ya Leaflet ni ya kweli zaidi kwetu kuliko kwa aliyeiandika.)

Lakini vigae ni picha tu. Ufundi ninaoupenda zaidi uko kwenye mistari.

Chukua ufuko wa ziwa upande wa Ruvuma, kuanzia mdomo wa mto Ruhuhu pale Lituhi, kupita miamba ya Liuli na ghuba ya Mbamba Bay, hadi Chiwindi kwenye mpaka wa Msumbiji. Ukiupima kwa uangalifu unapata maelfu ya pointi, kila moja na latitudo na longitudo yake. Sasa mtu anaitazama Tanzania nzima kwenye kioo cha simu. Ufuko wote huo umebanwa katika urefu wa pikseli chache, na maelfu ya pointi yanarundikana juu ya mengine. Kivinjari kikilazimishwa kuzichora zote, simu inapata moto, ramani inakwama, na mtazamaji haoni chochote zaidi ya ambacho angekiona kwa pointi ishirini.

Leaflet inakwenda kwa hatua. Kwanza inakata kila kilicho nje ya kioo, kwa mbinu ya zamani ya Cohen na Sutherland iliyobuniwa enzi za kompyuta kubwa kama chumba. Kisha inaruka pointi zilizokaribiana mno. Kisha inaita hesabu ya Douglas na Peucker ya mwaka 1973, ambayo ni nzuri hata ukiifanya kwa rula na karatasi. Unganisha pointi ya kwanza na ya mwisho kwa mstari mnyoofu. Tafuta katikati yao ile iliyo mbali zaidi na mstari huo. Kama umbali wake haufiki kiwango ulichojiwekea, zilizo katikati zote hazina kazi, ziache. Kama unakizidi, basi hapo pana kona ya kweli: kata mstari mahali hapo, na kila kipande ukifanyie vilevile. Leaflet imeweka kiwango hicho kuwa pikseli moja, na hapo ndipo penye busara. Aliyeandika hakuuliza ni mita ngapi za ufuko zinaweza kupotea. Aliuliza jicho linaona nini. Mita mia moja za ufuko ni kubwa ukiwa umekuza hadi uone mitumbwi, na si kitu ukiwa unatazama Afrika Mashariki. Pikseli moja haibadiliki.

Na hakuna kinachofutwa. Pointi zote zinabaki kwenye kumbukumbu. Kinachorahisishwa ni mchoro wa wakati huo. Ukikuza tena, hesabu inarudiwa na ghuba zinarudi moja baada ya nyingine. Faili lenye kazi hiyo ni fupi, na kijana aliyeshika vizuri hisabati ya kidato cha nne anaweza kulifuata mwanzo hadi mwisho. Agafonkin baadaye alikitoa kipande hicho kikawa maktaba inayojitegemea, simplify-js, ili hata wasiotaka ramani wakitumie. Ndiyo tabia yake. Ameandika earcut inayokata maumbo kuwa pembetatu, rbush inayopanga vitu kwa mahali vilipo, supercluster inayokusanya pointi zilizosongamana, suncalc inayohesabu saa za jua kuchomoza na kuzama. Kila moja inafanya jambo moja, na inaishia hapo.

Toleo la 0.7, lililotoka Novemba 2013, lilikuwa na uzito wa kilobaiti 33 hivi likibanwa. Toleo la 1.9, la Septemba 2022, lina 42. Miaka karibu tisa, kilobaiti tisa. Vigae vichache vya ramani vinaweza kuwa na uzito huo. Wanaoishi kwa bando la kupimwa wanajua maana yake, na waliowahi kuandika programu wanajua ugumu wake, kwa sababu kila mwezi anakuja mtu mwenye ombi lisilo baya. Mmoja anataka alama zikusanyike zikiwa nyingi. Mwingine anataka mtumiaji aweze kuchora eneo. Mwingine anataka makadirio mengine ya ramani, au rangi za joto. Yote ni mahitaji ya kweli, na ukiyakubali yote, baada ya miaka mitano una kitu kizito kuliko kile ulichokikimbia.

Jibu la Leaflet lilikuwa kufungua mlango wa pembeni. Kiini kibaki kidogo, na mwenye hitaji lake aandike kiongezo. Dave Leaver aliandika cha kukusanya alama mwaka 2012, Jacob Toye akaandika cha kuchora maeneo, na leo vipo mamia. Mwalimu anayetaka kuonyesha shule kumi za kata yake hailipii kwa bando lake mashine ya kukusanya alama elfu kumi. Kuna gharama, nayo ni ya kweli: viongezo vingine vilitelekezwa na waandishi wao, na anayevichagua anapaswa kuangalia tarehe kabla ya kuamini. Hata hivyo naona walichagua sawasawa.

Mwaka 2013 Agafonkin alihamia kampuni ya ramani ya Mapbox, na mzigo wa kila siku ukaanza kubebwa na wengine: Iván Sánchez Ortega wa Hispania, Per Liedman wa Sweden, Yohan Boniface wa Ufaransa, yule aliyejenga uMap, zana ya kutengenezea ramani mtandaoni, na wachangiaji waliokuja, wakarekebisha kosa moja, wakaondoka. Kutoka 0.7 hadi 1.0 ilichukua karibu miaka mitatu. Toleo la majaribio lilitoka Julai 2015 na lenyewe Septemba 2016. Kwa nje ilionekana kama kimya. Ndani walikuwa wanafumua jinsi mistari inavyochorwa, wakitenganisha njia za uchoraji, wakiruhusu kukuza kwa nusu hatua na robo hatua, wakiandika mruko laini unaoweza kukupaisha kutoka Mbamba Bay hadi Tanga bila kupotea njiani.

Mtu wa Mbinga hahitaji kuelezwa sana kazi ya namna hiyo, kwa sababu ngolo, kilimo chetu cha mashimo ya mteremkoni, ndivyo inavyolimwa. Majani yaliyokatwa yanalazwa kwa mistari inayopishana mteremkoni, udongo unachimbwa katikati na kuyafunika, maharage yanapandwa juu ya matuta, kisha mahindi. Mzunguko ukiisha, shamba linafumuliwa na mashimo mapya hayakai palepale pa zamani, ila anayepita barabarani anaona mlima uleule wenye vyumba vilevile. Vivyo hivyo, aliyekuwa ameandika ramani yake kwa Leaflet ya zamani alikuta mambo matatu ya msingi yamebaki: taja sanduku ambamo ramani itakaa, taja kitovu na hatua ya ukuzaji, taja vigae vinatoka wapi. Kitovu cha Mbinga, kwa anayetaka kujaribu, ni karibu nyuzi 10.93 kusini na 35.02 mashariki.

Hilo la tatu, vigae vinatoka wapi, limewaokoa wengi. Leaflet haina ramani yake. Inachora inacholetewa. Mwaka 2014 CloudMade, kampuni ambamo maktaba ilizaliwa, iliacha kuwahudumia kwa vigae watumiaji wake wadogo. Maktaba haikutikisika, watu walibadilisha anwani moja tu wakaendelea. Google ilipobadilisha bei za ramani zake katikati ya 2018, wengi walihamia Leaflet kwa sababu ileile. Na Desemba 2020 Mapbox ilipoifungia leseni maktaba yake yenyewe, ikabidi jamii ianzishe tawi huria liitwalo MapLibre. Leaflet ilibaki na leseni yake ya siku ya kwanza.

Huku kwetu imefanya kazi nyingi bila kutajwa. Tandale ilipochorwa mwaka 2011 na wakazi pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi, na mradi wa Ramani Huria ulipoendeleza kazi hiyo Dar es Salaam kuanzia 2015 kwa ajili ya mafuriko, mitaa na mitaro iliingizwa OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, na ukurasa wa mbele wa OpenStreetMap umekuwa ukichorwa kwa Leaflet tangu mwisho wa 2012. Jukwaa la Ushahidi, lililozaliwa Kenya Januari 2008 katika machafuko ya baada ya uchaguzi, lilikuja kuitumia Leaflet katika toleo lake la tatu. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumiwa na wizara nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, uliitumia kwa muda kwenye sehemu yake ya ramani kabla ya kuhamia teknolojia inayochora kwa kutumia kadi ya picha ya kompyuta. Uhamaji huo ni wa haki. Anayetaka kuizungusha ramani, kuilaza, au kuchora pointi laki kadhaa kwa mara moja, Leaflet si zana yake, na watunzaji wake hawajawahi kudai vinginevyo.

Mara moja tu maktaba hii imesema jambo lisilohusu ramani. Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine, na Agafonkin akalazimika kuondoka Kyiv. Toleo la 1.8, la Aprili mwaka huo, lilikuja na bendera ndogo ya Ukraine kwenye kona ya ramani, karibu na jina la Leaflet. Kwa hiyo tovuti zilizosasishwa, popote zilipo duniani, zilianza kuionyesha. Wapo waliolalamika kwamba zana haipaswi kuwa na upande. Leseni inawaruhusu kuitoa bendera hiyo, na inatoka kwa mstari mmoja wa msimbo. Mimi sioni ubaya: kitu kimetolewa bure miaka kumi na moja, na fundi ameweka alama kwenye kona huku nyumbani kwake kukipigwa mabomu.

Lakini juu ya mpaka wa ziwa letu, Leaflet haisemi kitu. Tanzania inashikilia kwamba mpaka upite katikati ya maji. Malawi inashikilia mkataba wa Heligoland wa 1890, unaouweka ufukoni upande wetu. Mstari utakaouona kwenye simu umetoka kwa aliyetengeneza kigae. Leaflet itauchora popote atakapouweka, kwa unyoofu uleule inaochorea barabara ya lami ya kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, na anayetaka kugombana ajue ni nani wa kugombana naye.

Agosti 2025 lilitoka toleo la kwanza la majaribio la 2.0. Humo wametupa zaidi ya walivyoongeza. Mwaka 2011 lugha ya JavaScript haikuwa na njia yake rasmi ya kuandika madarasa ya vitu, kwa hiyo Leaflet ilijitengenezea. Lugha ikaipata mwaka 2015, na sasa ile ya kujitengenezea imeondolewa. Zamani kila kivinjari kilikuwa na namna yake ya kuripoti kidole kikigusa kioo, na maktaba ilibeba kurasa za msimbo wa kuzipatanisha. Sasa upo utaratibu mmoja wa vivinjari vyote, na msimbo ule umekwenda. Internet Explorer, iliyobebwa kwa subira tangu enzi za toleo lake la saba, imetuliwa. Viongezo vingi vitahitaji kuandikwa upya, na baadhi havitapata wa kuviandika. Watunzaji wanalijua hilo: mwaka 2017 walipojaribu kubadilisha mpangilio wa moduli, viongezo vilianza kuvunjika, na matoleo yaliyofuata yakalazimika kurudi nyuma kidogo. Safari hii wamengoja hadi namba ya toleo lenyewe iwaonye watu.

Kwa fundi kijana wa Mbinga au Nyasa anayejifunza kazi hii, naisifu Leaflet kuliko maktaba nyingine yoyote ya kusoma, maana inaweza kusomwa ikaisha. Kwa wengine wote ombi langu ni jingine. Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, barabara zimehama, zahanati zimejengwa, na maktaba hii haiwezi kuchora ambacho hakuna aliyekiandika. Kijiji chako kikikosa jina, zahanati ikikosa alama, kivuko kikionyeshwa mahali ambapo hakipo, kufungua akaunti ya OpenStreetMap ni bure na zana ya kuhariri inafunguka kwenye kivinjari. Anza na njia unayopita kila siku.